SOMO LA WIKI: Nchi inapoiacha fedha yake, nani analipa?

Mfanyabiashara anayevuka mpaka hulipa ushuru mmoja usiomo katika kitabu cha forodha. Ushuru huo ni tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia katika duka la kubadilishia fedha. Akienda na mtaji hukatwa, akirudi na zilizobaki hukatwa tena. Bidhaa aliyoagiza kwa mkopo wa siku 90 nayo yaweza kupanda bei kabla haijafika ghalani, kwa sababu tu thamani ya fedha ya nchi yake imeshuka njiani.

Fedha ya pamoja ya kanda inaahidi kuyamaliza yote hayo. Ahadi hiyo ni ya kweli, lakini ina gharama yake. Ili kuiona faida na gharama pamoja, somo la wiki hii linaichukua nchi moja ndogo ya Ulaya, Kroatia, ambayo tarehe 1 Januari 2023 iliiacha fedha yake na kuanza kutumia yuro, ikawa nchi ya 20 kufanya hivyo.

Fedha iliyoachwa ilikuwa ikiitwa Kuna, jina la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye ngozi zake zilitumika zamani kulipia kodi. Katika ukurasa huu itaandikwa kwa herufi kubwa, msomaji asije akaichanganya na neno letu la kila siku.

Masharti ya mlangoni

Kuna ilianza kutumika Mei 1994, nchi ikiwa bado changa na imetoka kupigwa na mfumuko mkubwa wa bei. Kwa karibu miaka 29 Benki Kuu ya Kroatia ilijitahidi isipande wala kushuka sana dhidi ya sarafu kubwa ya majirani, kwanza mark ya Ujerumani na baadaye yuro. Sababu zilikuwa wazi. Zaidi ya nusu ya biashara ya nje ilikuwa na nchi za yuro, watalii walikuja na yuro mifukoni, na wananchi wenyewe waliweka sehemu kubwa ya akiba zao benki kwa yuro.

Hata hivyo, kuitumia yuro sokoni si sawa na kuipokea kisheria. Nchi inayotaka kuingia hupimwa kwa vipimo vilivyowekwa na Mkataba wa Maastricht. Mfumuko wa bei usizidi ule wa nchi tatu zenye hali bora kwa zaidi ya pointi 1.5. Nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Deni la Serikali lisizidi asilimia 60 ya pato hilo, au liwe linashuka kwa kasi ya kuridhisha. Riba za muda mrefu zisiwe juu mno. Aidha, fedha ya nchi ikae miaka isiyopungua miwili katika utaratibu wa kufunganisha thamani uitwao ERM II, bila kuyumba sana wala kushushwa.

Kroatia iliingia katika utaratibu huo tarehe 10 Julai 2020, siku moja na Bulgaria. Ripoti ya Juni 2022 iliweka kikomo cha mfumuko wa bei kuwa asilimia 4.9. Kroatia ilikuwa na asilimia 4.7 ikapita. Bulgaria ilikuwa na asilimia 5.9 ikabaki nje, na iliingia tarehe 1 Januari 2026, ikiwa nchi ya 21. Pointi moja ya mfumuko wa bei ilikuwa sehemu ya tofauti kati ya aliyepita na aliyengoja.

Kanuni tatu za hesabu

Siku 12 za mwanzo za Julai 2022 zilimalizika kwa uamuzi wa mawaziri wa Umoja wa Ulaya uliotaja kiwango cha kubadilishia: yuro 1 ni sawa na Kuna 7.53450. Kiwango hicho hakikuwa cha siku wala cha wiki. Kilifungwa moja kwa moja. Kwa mwenye biashara, matumizi yake yana kanuni tatu ambazo zafaa kukaririwa.

Kanuni ya kwanza: tarakimu zote sita hutumika. Hairuhusiwi kusema "saba na nusu" ili kurahisisha kazi.

Kanuni ya pili: Kuna hugawanywa kwa 7.53450 kupata yuro. Haizidishwi kwa kiwango kilichogeuzwa na kufupishwa. Chukua mkopo wa Kuna 1,000,000. Ukigawanya sawasawa unapata yuro 132,722.81. Akitokea karani akasema Kuna 1 ni yuro 0.13, atapata yuro 130,000. Yuro 2,722.81 zimepotea kwa uvivu wa kalamu, na kuna mtu upande mmoja wa mkataba amezipata.

Kanuni ya tatu: jibu hupelekwa kwenye senti iliyo karibu mwishoni mwa hesabu, si mwanzoni. Kwa mfano, muuza vifungashio ana bidhaa ya Kuna 0.10 kwa kipande. Akigeuza bei ya kipande atapata yuro 0.01327, na akiipeleka kwenye senti itakuwa 0.01. Akiuza vipande 10,000 kwa bei hiyo atapokea yuro 100. Lakini mzigo wote wa Kuna 1,000 ni sawa na yuro 132.72. Aliyepeleka kwenye senti mapema amejikata karibu robo ya mauzo yake.

Ndiyo maana wafanyabiashara wa jumla, wenye bei ndogo za kipande na idadi kubwa, ndio wenye sababu ya kulisoma jedwali la mabadiliko kwa makini kuliko mwenye duka la rejareja.

Bei mbili katika kibao kimoja

Kuanzia tarehe 5 Septemba 2022 kila duka la Kroatia lililazimika kuonyesha bei kwa Kuna na kwa yuro. Sharti hilo liliendelea hadi mwisho wa mwaka 2023. Shabaha yake ilikuwa kumpa mnunuzi muda wa kuzoea, na kumzuia muuzaji asijifiche nyuma ya fedha ngeni.

Mwezi Desemba 2022 wananchi waliuziwa vifurushi vya sarafu: vipande 33 vyenye thamani ya yuro 13.28 kwa Kuna 100. Kisha zikafuata wiki mbili, tarehe 1 hadi 14 Januari 2023, ambapo fedha zote mbili zilipokelewa. Mteja aliweza kulipa Kuna, lakini chenji alirudishiwa yuro. Maana yake ni kwamba mwenye duka alihitaji kuwa na sarafu mpya za kutosha kabla hajauza chochote. Fedha hiyo ililala kwenye droo bila kuzaa, na kwa duka dogo huo ni mtaji.

Je, bei zilipanda? Jibu linategemea ni bei ipi. Chukua kikombe cha kahawa kilichokuwa Kuna 12. Kwa hesabu sahihi ni yuro 1.59. Mwenye mkahawa akiandika 1.60 ameongeza chini ya nusu ya asilimia moja. Akiandika 1.80 kwa kuwa inapendeza na ni rahisi kurudisha chenji, ameongeza asilimia 13. Bei za mikahawa, vinyozi na huduma nyingine ndogo ndizo zilizowakera wananchi. Mwanzoni mwa Januari Waziri Mkuu Andrej Plenković aliwataka wafanyabiashara wazirudishe bei pale zilipokuwa tarehe 31 Desemba, na wakaguzi wakatumwa madukani.

Hata hivyo, mfumuko wa bei kwa jumla haukuruka mwezi ule. Ulikuwa asilimia 12.7 Desemba 2022 na asilimia 12.5 Januari 2023. Bei zilikwisha kupanda kabla, kwa sababu ya mafuta, umeme na chakula. Ila mteja haendi dukani na takwimu za jumla. Anakumbuka kahawa, na mfanyabiashara aliyepandisha bei wiki ile ya mabadiliko alijinunulia jina baya kwa faida ya senti chache.

Mwenye deni na mwenye akiba

Kwa upande wa mikopo, Kroatia ilikuwa na jeraha la zamani. Maelfu ya familia walikuwa wamekopa nyumba kwa mikopo iliyofungwa na faranga ya Uswisi, kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo. Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga kupanda, ikaruka ghafla. Mkopaji aliyekuwa akilipwa mshahara kwa Kuna akajikuta deni limenenepa bila yeye kukopa hata senti ya ziada. Serikali iliifunga faranga kwa Kuna 6.39 kwa ajili ya malipo hayo, na Septemba mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuigeuza mikopo hiyo iwe ya yuro.

Kwa hiyo yuro ilipofika, aliyekuwa na deni la yuro na mshahara wa Kuna alipata nafuu ya kweli. Deni na mshahara sasa viko katika fedha moja. Hatari ya kushuka kwa fedha ya nyumbani iliondoka katika kitabu chake, na hiyo ni faida isiyohitaji mtaalamu kuieleza.

Kwa mwenye akiba mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Fedha zilizokuwa zimefichwa majumbani zilipelekwa benki kwa wingi kabla ya tarehe ya mwisho. Wakati huohuo Benki Kuu ilipunguza akiba ya lazima ya mabenki kutoka asilimia 9 hadi 5, kisha hadi asilimia 1, ili ilingane na ya nchi za yuro. Mabenki yakajaa fedha. Benki iliyojaa fedha haina sababu ya kumbembeleza mweka akiba, hivyo riba za amana zilibaki karibu na sifuri wakati bei za sokoni zikipanda kwa zaidi ya asilimia 12.

Serikali iliiona nafasi hiyo. Machi 2023 iliuza hatifungani ya miaka miwili moja kwa moja kwa wananchi, riba asilimia 3.65 kwa mwaka. Mauzo yote, pamoja na ya taasisi, yalifikia yuro bilioni 1.85, na sehemu kubwa ilinunuliwa na watu binafsi. Mwekezaji mdogo aangalie hapo. Nchi inapoingia katika fedha ya pamoja, fedha nyingi huwa zinatafuta pa kukaa kwa muda mfupi, na anayejua njia ya kuiendea hatifungani ya Serikali hupata zaidi ya yule anayeiacha akiba yake ilale.

Usukani uliokabidhiwa

Hadi hapa faida inaonekana kushinda. Sasa itazamwe gharama yenyewe, ambayo haionekani siku ya sherehe.

Nchi yenye fedha yake ina vyombo viwili vya kujinusuru mambo yanapoharibika. Cha kwanza ni thamani ya fedha. Chukua shilingi kwa mfano wa hesabu tu. Muuza pamba nje anapata dola 10,000. Dola ikiwa Sh 2,500 anapokea Sh 25,000,000. Shilingi ikishuka hadi 2,750 anapokea Sh 27,500,000, na bidhaa zake zinaweza kushindana zaidi ng'ambo. Mwagizaji wa mitumba au dawa analia, kwani mzigo uleule sasa unamgharimu Sh 2,500,000 zaidi. Maumivu yapo, lakini yamegawanywa kwa haraka nchi nzima kupitia bei moja.

Chombo cha pili ni riba. Bei zikipanda mno Benki Kuu huongeza riba ili mikopo ipungue. Biashara zikilala huishusha.

Nchi ikishaingia katika fedha ya pamoja vyombo vyote viwili huhamia makao makuu ya kanda. Kwa Kroatia makao hayo ni Frankfurt, kwenye Benki Kuu ya Ulaya. Gavana wa Kroatia ana kiti katika baraza, lakini riba inayopangwa ni moja kwa nchi zote.

Matokeo yake yalionekana mapema. Desemba 2024 mfumuko wa bei wa Kroatia ulikuwa asilimia 4.5, wakati wastani wa nchi za yuro ulikuwa asilimia 2.4. Kroatia peke yake ingehitaji breki. Lakini Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuanza kushusha riba tangu Juni 2024, kwa sababu uchumi wa nchi kubwa ulikuwa umepoa. Tarehe 24 Januari 2025 wananchi wa Kroatia walisusia maduka kwa siku nzima wakilalamikia bei. Walichokuwa wakikipinga ni bei za maduka, lakini nyuma yake kulikuwa na riba iliyopangwa kwa ajili ya jumuiya nzima.

Ugiriki ndiyo onyo kubwa zaidi. Iliingia katika yuro mwaka 2001 kwa kiwango cha drachma 340.750. Ilikopa kwa riba ndogo kama ya nchi tajiri. Mwaka 2004 ilibainika kuwa nakisi ya miaka ya nyuma ilikuwa imezidi asilimia 3 iliyoruhusiwa. Nakisi ya mwaka 2009 ilikuja kuhesabiwa kuwa zaidi ya asilimia 15 ya pato la taifa. Nchi haikuwa na drachma ya kushusha wala mtambo wake wa kuamua kiasi cha fedha. Kilichobaki kushuka ni mishahara, pensheni na ajira. Mei 2010 ilipewa mikopo ya yuro bilioni 110. Mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulizidi asilimia 27. Mwishoni mwa Juni 2015 mabenki yalifungwa kwa wiki tatu, na mteja aliruhusiwa kuchukua yuro 60 kwa siku kwenye mashine.

Haifai kuzichanganya nchi hizi mbili. Kroatia iliingia ikiwa deni lake linashuka, na mwaka 2024 makampuni makubwa ya kupima uwezo wa nchi kulipa madeni yaliipandisha hadi daraja la A. Lakini zote mbili zinafundisha neno moja. Fedha ya pamoja haiondoi makosa ya bajeti. Inahamisha tu mahali yanapolipiwa. Zamani yalilipiwa kwenye duka la kubadilishia fedha, sasa yanalipiwa kwenye mshahara, kodi na mauzo ya dukani.

Upande wa Afrika Mashariki

Suala hili si la Ulaya peke yake. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika tangu 1921 chini ya Bodi ya Sarafu, hadi Tanzania, Kenya na Uganda zilipofungua benki kuu zao mwaka 1966. Shilingi hizo tatu zilianza zikiwa na thamani sawa. Leo hakuna mfanyabiashara wa Namanga wala Mutukula atakayekubali kubadilisha moja kwa moja. Pengo hilo ni kumbukumbu ya miaka mingi ya maamuzi tofauti ya bajeti na riba.

Tarehe 30 Novemba 2013, mjini Kampala, wakuu wa Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda walitia saini itifaki ya umoja wa fedha. Vipimo vyake ni mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa pamoja na misaada, deni lisilozidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi 4.5. Lengo la mwaka 2024 lilipita bila kufikiwa, na likasogezwa hadi 2031.

Mfanyabiashara akisikia tarehe imesogezwa tena asikimbilie kulaumu. Afadhali kuchelewa mlangoni kuliko kuingia na vitabu visivyo sahihi. Anachopaswa kukifuatilia ni vile vipimo vinne, mwaka hadi mwaka, maana ndivyo vitakavyomwambia ikiwa ile ada ya duka la kubadilishia fedha itafutwa au itabadilishwa jina tu.

Zoezi la wiki

1. Fundi cherehani wa Zagreb aliagiza vifungo 5,000 kwa Kuna 0.25 kila kimoja. Muuzaji alipwe bei ya yuro ngapi, na angepoteza kiasi gani kama angepeleka bei ya kifungo kimoja kwenye senti kwanza?

2. Nchi mbili zina fedha moja. Ya kwanza inategemea utalii, ya pili inategemea mafuta. Bei ya mafuta duniani ikianguka, ni chombo gani ambacho nchi ya pili haina tena, na nani atayabeba maumivu?

Majibu: (1) Fundi alipe yuro 165.90. Kwa kupeleka kwenye senti mapema kifungo kingekuwa yuro 0.03 na mzigo wote yuro 150, hasara ya muuzaji yuro 15.90. (2) Haiwezi kushusha thamani ya fedha yake wala kujipangia riba. Maumivu yatabebwa na bajeti ya Serikali, mishahara na ajira, isipokuwa nchi wenzake wakubali kuisaidia. Mkataba wowote wa fedha ya pamoja usomwe kwanza kwenye kifungu hicho cha msaada, kisha ndipo yasomwe maneno ya utangulizi.